Riwaya Isilale Sandukuni: Muachie Usiyemjua Naye Asome



Katika nyumba nyingi za Adu, Ramada na Marafa hukosi riwaya moja au mbili zimelala sandukuni. Mtoto alinunuliwa Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Kisha kikaja kitabu kingine cha mtihani, na cha zamani kikabaki. Sasa kinangoja mchwa, au kurasa zake zifungiwe njugu.

Na huku nje yuko mama au mzee aliyejifunza kusoma katika madarasa ya gumbaru, yale yaliyoenea baada ya kampeni ya serikali ya mwaka 1979. Kusoma kunamtoka kidogo kidogo kwa kukosa cha kusoma. Maktaba iko Malindi, na nauli yataka kuuza kuku.

Wenzetu wamefanyaje?

Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, Ron Hornbaker, alianzisha mpango uitwao BookCrossing. Ukimaliza kitabu unakiandika nambari yake, halafu unakiacha kwenye benchi au stesheni. Mtu usiyemjua anakiokota, anakisoma, naye anakiacha kwingine. Habari za safari yake huandikwa kwenye intaneti. Hakuna kukopa, hakuna faini.

Hapa kwetu je?

Shida yetu ni moja. Mtu akikuta kitu kimeachwa, hakigusi. Atasema, "Nikikichukua nitaitwa mwizi," au "Huenda kimefanyiwa mambo." Kwa hivyo kitabu lazima kijieleze chenyewe. Fanyeni hivi:

1. Toeni kitabu kilicho chenu. Chenye muhuri wa shule au wa maktaba si chenu, kirudisheni.

2. Kishoneni kama kimeachana, mkivike karatasi ya khaki kama daftari la mtoto.

3. Ndani ya jalada andikeni kwa herufi kubwa: SIKUPOTEA. NICHUKUE, UNISOME, KISHA UNIACHE MAHALI MWINGINE ATANIONA. Mkiongeza na Kigiriama, bora zaidi.

4. Ukurasa wa mwisho pigeni mistari ya kuandika tarehe na mahali kilipofika. Jina si lazima. Huo ndio utakuwa intaneti yetu.

5. Kiacheni mahali penye paa ambapo watu hungoja: zahanati, mashine ya kusaga mahindi, kituo cha bodaboda. Mwombeni ruhusa mwenye mahali. Kiwekwe juu ya benchi au rafu, si chini, maana mchwa hawana likizo.

6. Ombeni nafasi katika baraza ya chifu mtangaze, ili kila mtu ajue vitabu hivi ni vya kuchukuliwa.

Je, havitapotea?

Vingine vitapotea, tusidanganyane. Pesa za merry-go-round hurudi kwa sababu tunajuana na tunadaiana. Kitabu hiki kinakwenda kwa mtu tusiyemjua, na hatutamdai. Lakini hebu fikirini: kikikaa mwaka mzima katika nyumba moja, baba akakisoma, watoto wakakisoma, hapo kimepotea? Kimepotea zaidi kikiwa sandukuni kwako.

Kama kikundi kinataka vitabu virudi, hiyo ni kazi nyingine, nayo ni nzuri. Wekeni sanduku la kuazimia na daftari la majina, mchague na mama mmoja wa kulitunza. Ila msichanganye njia hizi mbili, mtakuja kugombana bure. Ya kuachia ni ya kuachia.

Anzeni na vitabu vitano tu. Baada ya miezi mitatu pitieni mahali mlipoviacha, muangalie kurasa za mwisho za vile mtakavyovikuta.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ni nani kati yetu ana riwaya ambayo haisomwi tena?
- Kijijini kwetu watu hungoja wapi kwa muda mrefu?
- Ni nani tunayemjua aliyejua kusoma, na sasa anasahau?