Sevo Nyepesi za Ndege za Rimoti: Hesabu ya Gramu Kibera na Kawangware

Sevo ni kijisanduku cha plastiki kinachosogeza vibao vya kuongozea ndege ya rimoti: eleveta ya mkiani inayopandisha na kushusha pua, usukani wa wima, na eleroni za mabawani. Ndani yake mna mota ndogo, msururu wa gia, sakiti, na potenshomita, ndugu wa kile kitufe cha kuzungusha cha kuongezea sauti kwenye redio za zamani. Fundi redio wa Kawangware akiifungua sevo ataitambua potenshomita hiyo bila kuelezwa. Risiva iliyo ndani ya ndege hupokea amri ya rimoti na kuigeuza kuwa mpigo wa umeme unaorudiwa mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1 hupeleka mkono wa sevo upande mmoja, wa milisekunde 2 upande wa pili, na wa 1.5 huuweka katikati. Sakiti huusoma mpigo, huangalia potenshomita iko wapi, kisha huzungusha mota mpaka viwili hivyo vilingane.

Sevo inayopatikana kwa urahisi zaidi Nairobi ni ile ya gramu 9, aina ya SG90, inayouzwa kwa shilingi mia chache katika maduka ya vifaa vya elektroniki mjini. Wanafunzi wanaounda roboti huitumia, na anayeunda ndege yake ya kwanza hununua nne bila kuuliza swali. Mara nyingi hufanya kazi. Hata hivyo, kwa ndege ndogo ya stairofomu, ile nyeupe inayokuja na katoni ya televisheni, huwa imenunuliwa nguvu isiyohitajika, na bei yake hulipwa kwa uzito.

Nairobi uzito huo ni ghali kuliko pwani. Uwanja wa ndege wa Wilson, ulio ng'ambo tu ya Barabara ya Lang'ata ukitokea Kibera, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na Kawangware iko juu zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Bawa linaloelea vizuri kule chini hapa hulazimika kukimbia kwa kasi iliyozidi kwa kama asilimia 8 ili libebe mzigo uleule. Kwa mgeni wa kurusha, nyongeza hiyo ndiyo tofauti kati ya ndege inayotua nyasini polepole na ile inayojibamiza. Ukitaka ndege iliyokuwa na gramu 300 Mombasa iruke Nairobi kwa upole uleule, inabidi ishuke hadi gramu 255. Gramu 45 hizo zitolewe wapi? Betri haikatwi, wala mota. Sevo nne za gia za chuma aina ya MG90S, kila moja gramu 13.4, zina jumla ya karibu gramu 54. Sevo nne za gramu 4.5 ni gramu 18. Hapo pekee zimepatikana gramu 36.

Je, sevo ndogo hivyo itaweza kazi? Nguvu ya sevo hupimwa kwa kilo na sentimita. SG90 ikiandikwa 1.8 kg·cm kwa volti 4.8, maana yake ni kwamba mkono wake, sentimita moja kutoka kwenye ekseli, unaweza kushikilia uzito wa kilo 1.8 kabla ya kushindwa. Sasa ichukuliwe eleveta yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 5, imeinuliwa digrii 30 ndege ikienda kilomita 54 kwa saa. Upepo wa Nairobi utaisukuma kwa nguvu inayohitaji takriban 0.2 kg·cm kuizuia. Msuguano wa bawaba na ghasia za upepo zihesabiwe, nguvu hiyo izidishwe mara tatu kwa usalama: 0.6 kg·cm. Sevo nyingi za gramu 4 hadi 5 hutoa kati ya 0.5 na 0.8, kwa hiyo ikichaguliwa vizuri inatosha. Jambo la kuangalia ni kasi, kwa sababu kasi ikiongezeka mara mbili mzigo huongezeka mara nne. Ndege ya mbio, au inayopigishwa mbizi kutoka juu, ibaki na gramu 9.

Chini ya zile za gramu 4 kuna sevo za gramu 2 na pungufu, za ndege za kurushwa ndani ya ukumbi wa kanisa au wa shule. Zina kasoro moja ya kujihadhari nayo: baadhi zimeundwa kwa betri ya seli moja, volti 3.7, na zikiunganishwa kwenye volti 5 huungua.

Mahali sevo inapofungwa huweza kuharibu hesabu yote. Ndege husawazishwa kwenye nukta yake ya uzito, karibu na theluthi ya mbele ya bawa. Sevo ikiwekwa mkiani, sentimita 45 nyuma ya nukta hiyo, na betri ikiwa puani, sentimita 15 mbele yake, kila gramu ya mkiani hudai gramu 3 puani. Sevo mbili za gramu 9 zilizofungwa nyuma zitadai gramu 54 za risasi au betri kubwa zaidi mbele. Ndiyo maana waundaji wazoefu huweka sevo chini ya bawa na kufikisha mwendo mkiani kwa kijiti kirefu. Na kijiti nacho kina uzito wake. Spoki ya baiskeli ni imara, hupatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli, na huonekana si kitu. Lakini moja ya sentimita 27 ina gramu 6 au 7, yaani karibu uzito wa sevo nyingine. Kijiti cha mshikaki cha mwanzi hakifiki gramu 2. Kikifungwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa kila upande, kwa uzi na gundi, hufanya kazi ileile.

Kuhusu gia, wengi huamini chuma ni bora. Kwa ndege ya gramu 250, gia za chuma ni kumvisha kuku gambuti. Gia ya nailoni ikipata kishindo hung'oka meno, na hubadilishwa kwa gia iliyotolewa kwenye sevo iliyoungua mota. Gia ya chuma haing'oki kwa urahisi. Kishindo hupita na kung'oa bawaba au kuchana stairofomu yenyewe. Sevo za dijitali, zinazosahihisha mkao mara nyingi zaidi kwa sekunde, hushikilia kibao kwa uthabiti lakini hula umeme zaidi, na ndege ya mazoezi haizihitaji.

Umeme nao una kikomo. Katika ndege nyingi ndogo, kidhibiti cha mota ndicho kinacholisha risiva na sevo kwa volti 5, mara nyingi kisizidi ampea 2. SG90 moja iliyokwama yaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea. Nne zikikwama pamoja, volti hushuka, risiva huzima na kujiwasha upya, na ndege hubaki bila mwenyewe. Sevo ndogo huvuta kidogo, na hiyo ni faida nyingine ya wepesi.

Sevo bandia ni nyingi sokoni, na lebo haisemi ukweli kila mara. Jaribio la dakika tano husaidia kuliko jina. Sevo iwekwe kwenye mizani ya sonara au ya jikoni inayosoma gramu. Iunganishwe na kipima sevo au risiva, ipelekwe taratibu upande mmoja na kurudi katikati mara kumi. Isiporudi palepale, iachwe. Ikiwa imewashwa, mkono usukumwe kidogo kwa kidole: kulegalega kwa milimita moja kwenye ncha kutaonekana angani kama ndege inayoyumba bila sababu. Iliyo imara kuliko zote ipewe eleveta. Eleroni moja ikifa ndege yaweza kutua, ila eleveta ikifa mara nyingi hutafutwa kwenye majani.

Mkono wa sevo hufungwa baada ya kuwasha, sevo ikiwa katikati. Kijiti kikitiwa kwenye tundu la ndani, mwendo hupungua na nguvu huongezeka, kwa hiyo sevo ndogo huonekana kubwa. Gundi ya moto isipakwe juu ya sevo tupu: izungushiwe utepe kwanza, ili siku moja ihamishiwe ndege nyingine.

Kibera na Kawangware zenyewe si mahali pa kurushia. Nyumba zimebanana, na ndege za safari zinazotoka Wilson hupita karibu. Kanuni za Kenya za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), zimeweka kikomo cha futi 400 na kuzuia urushaji karibu na viwanja vya ndege bila idhini, kwa hiyo jaribio hufanywa kwenye uwanja ulio mbali na mji, baada ya kuuliza KCAA. Kabla ya kuirusha kwa mkono, mrushaji husimama nyuma ya ndege na kuvuta kijiti cha rimoti kuelekea kwake. Ukingo wa eleveta lazima unyanyuke. Ukishuka, sevo imegeuzwa, na hurekebishwa kwenye rimoti palepale.