Kwa nini motokari za mbio zimenenepa?

Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda Safari Rally na Datsun 240Z. Ile motokari ilikuwa na upana wa sentimeta 163 tu, na uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Mjukuu wake wa leo, Nissan Z, ana sentimeta 184 na kilo kupita 1,500.

Sababu njo hizi: vyuma vya kukinga watu wakati wa ajali, mifuko ya hewa, magurudumu mapana, kiyoyozi. Unene huo unaokoa maisha. Lakini kila kilo inaomba nguvu, na nguvu inaomba esanse.

Basi siku utanunua motokari ya kupita Mangina–Beni, usiulize nguvu ya injini peke yake. Uliza na uzito: matope hayaogopi jina.