Maji ya Kisima Hayatakaswi na Moto Peke Yake

Asubuhi mtaani Manyatta, Kisumu, huanza kwa mlio wa ndoo ikigonga ukuta wa kisima. Kamba inavutwa, maji yanamiminwa kwenye jerikeni la lita 20, jerikeni linapakiwa kwenye mkokoteni. Maji yenyewe ni maangavu, hayana tope wala harufu. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya nyumba ya mabati, kuna choo cha shimo. Muulize mama mwenye kisima kama maji haya ni salama, atakujibu bila kusita: "Ya kunywa tunachemsha, mwanangu."

Mama hajakosea. Maji yakichemka sawasawa, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa, na desturi hiyo imewaokoa watoto wengi ukanda huu wa ziwa. Lakini moto huua chenye uhai tu, na maji ya ardhini hubeba pia visivyo na uhai.

Tuanze na nitreti. Mkojo na kinyesi vina nitrojeni nyingi. Bakteria wa udongoni huigeuza ikawa nitreti, ambayo huyeyuka majini na kusafiri nayo kokote yaendako. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya chupa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Nitreti ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha, na midomo na kucha zake hugeuka rangi ya samawati. Hapa kuchemsha hakusaidii kitu. Maji hupungua kwa mvuke, nitreti hubaki sufuriani, na kila tone lililobaki huwa nayo zaidi.

Watafiti, akiwemo Joseph Okotto-Okotto, walitumia vipimo vya maji ya visima vya Kisumu vilivyochukuliwa kati ya 1998 na 2004, wakahesabu na vyoo vya shimo vilivyokuwa ndani ya mita 100 kutoka kila kisima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba palipokuwa na vyoo vingi, nitreti na kloridi nazo zilikuwa juu. Vijidudu vya kinyesi havikufuata hesabu hiyo. Si ajabu: vijidudu hufa njiani au hunaswa na udongo, na vingine huingia kisimani kwa ndoo na kamba chafu. Nitreti haifi, wala udongo hauichuji.

Ikiwa choo tu kinaweza kuacha alama hivyo, kemikali za viwandani hufanyaje? Mfano ulio wazi kabisa umetoka kwa madobi wa nguo zisizofuliwa kwa maji: suti, makoti, mashela ya harusi. Kwa miongo mingi madobi hao wametumia tetrakloroethilini, kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kuacha kitambaa bila mikunjo. Lita moja ina uzito wa kilo 1.6. Ikimwagika, haielei juu ya maji ya ardhini kama mafuta ya taa, bali huyapita na kuzama, ikipenya kila ufa wa mwamba hadi ikutane na tabaka lisilopitisha. Hapo hutulia, ikiyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5 za kemikali hiyo kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: lita moja ya dawa hiyo yatosha kufikisha lita zaidi ya milioni 300 kwenye kikomo hicho. Hayo ni majerikeni milioni 16.

Kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina, ilijionea hayo. Duka la dobi lililofunguliwa karibu na kambi mwaka 1953 lilichafua visima vya makazi ya Tarawa Terrace. Mwaka 1985 maji ya bomba yalipimwa yakakutwa na mikrogramu 215 kwa lita, mara 43 ya kikomo. Familia za askari zilikuwa zimeyanywa na kuyaogea kwa miaka mingi. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuiondoa kemikali hiyo kwa madobi ndani ya miaka 10.

Kemikali hii ina njia nyingine ya kutufikia, nayo haipiti kinywani. Hugeuka mvuke kwa urahisi, hata ikiwa ardhini. Mvuke hupanda kupitia udongo, ukaingia nyumbani kwa nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Kando ya ziwa tunafunga madirisha mapema kwa sababu ya mbu, na hewa iliyoingia kwa chini hukaa nasi usiku kucha. Ukiyachemsha maji yenye kemikali hiyo, hutoka sufuriani kweli, lakini huhamia hewani, jikoni mle alimo mama na mtoto aliyembeba mgongoni.

Uchafu wa choo nao huweza kuongeza hatari. Bakteria wanaoula humaliza oksijeni majini, na pasipo oksijeni wapo wengine wanaoweza kuinyang'anya tetrakloroethilini klorini yake, chembe moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ikiishia njiani, huacha kloridi ya vinili, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani.

Kenya tumekwisha kuona ardhi ikikataa kutunza siri. Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilivuja Thange, Kaunti ya Makueni, na wakulima wakakuta petroli kwenye mto na visima vyao. Petroli ina benzini, nayo husababisha saratani ya damu. Kusafisha mahali kama hapo huchukua miaka.

Kwa hiyo Kisumu tuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya kila nyumba yenye kisima: kiinuliwe ukuta na kufunikwa, maji yake yawe ya kufulia na kudekia, na ya kunywa yatoke kwenye bomba au kioski cha KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu. Wenye watoto wachanga wasikorogee maziwa kwa maji ya kisima hata yakichemshwa. Kazi ya pili ni ya wenye gereji, vituo vya mafuta, madobi na wakaguzi wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira: oili chafu, petroli na dawa za kusafishia zisimwagwe chini, na matangi yaliyozikwa yakaguliwe kabla hayajavuja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama, na haki hiyo inaanzia pale mtu anapoinamisha kopo la oili nyuma ya gereji.

Mama wa Manyatta aendelee kuchemsha. Kazi ambayo sufuria yake haiwezi, tuifanye sisi wengine kabla maji hayajamfikia.