Mstari Mmoja Kwenye Jeli

Mama yangu huko Tanga ana kisukari, na nikimpigia simu, shikamoo ikishaitikwa, kinachofuata ni sukari imesomaje leo. Labda ndiyo maana, nilipokuwa namalizia shahada yangu ya Uingereza, niliomba mradi wa maabara kuhusu kimeng'enya kiitwacho OGT.

Kazi yake ni kubandika sukari moja ndogo kwenye protini zilizo ndani ya seli. Glukosi ikizidi, mara nyingi ubandikaji nao huongezeka, kwa hiyo watafiti wa kisukari wanakifuatilia sana. (Msichanganye na HbA1c mnayopimwa kliniki. Pale glukosi hujishika yenyewe kwenye himoglobini, bila kimeng'enya.)

Kukiona unahitaji kingamwili. Sungura huchomwa sindano yenye kipande cha protini hiyo, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuishika, nazo huuzwa kwenye vichupa vidogo vya bei kubwa. Unatenganisha protini za seli kwenye jeli kwa ukubwa, unazihamishia kwenye utando, unamwagia kingamwili. Iliposhika, unaona mstari. OGT ile ndefu hukaa karibu na kilodaltoni 110.

Mstari wangu ulikuwa papo hapo. Nilifanya kazi wiki sita nikiwa na furaha, mpaka msimamizi akaniuliza, "Umejuaje kuwa ni OGT?"

"Chupa imeandikwa."

Alicheka, nami nikaona haya. Wodini siwezi kumtundikia mgonjwa damu kwa kuamini lebo ya mfuko tu; lazima nilinganishe. Kwa nini hapa niliamini chupa?

Akanielekeza ninyamazishe jeni ya OGT kwenye seli, nirudie kipimo. Kuiondoa kabisa ni shida, kwa kuwa seli nyingi za mamalia hazidumu bila OGT. Jeni ikinyamaza, mstari sharti ufifie. Wangu haukufifia hata kidogo. Kingamwili ilikuwa imeshika protini nyingine yenye ukubwa kama huo.

Wiki sita zikaenda jalalani, nikalia chooni. Kingamwili ya pili niliijaribu hivyo kwanza, na mstari ukafifia. Wanafunzi, anzeni na jaribio hilo, na andikeni namba ya toleo la chupa: kingamwili za sungura mmoja si sawa na za mwingine.

Nilimsimulia mama. "Kumbe kama mashine yangu ile iliyokuwa ikisema uongo," akasema. "Na wewe uliiamini?"