Picha ya ndege huonyesha mto ulikopita



Ukisimama Mbingu, nyuma yako ipo Milima ya Udzungwa. Mbele yako ni bonde la Mto Kilombero. Ng'ambo, mbali, ipo milima ya Mahenge. Huwezi kuliona bonde lote kwa mara moja. Aliye ndani ya ndege huliona.

Picha hupigwaje?

Ndege hupita ikipiga picha moja baada ya nyingine. Kila picha hurudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Mtaalamu huweka picha mbili zinazofuatana chini ya miwani maalumu. Jicho moja huona picha hii, la pili huona ile. Hapo milima huinuka na mabonde hushuka. Ramani nyingi za nchi yetu zilichorwa kutokana na picha kama hizo. Siku hizi setilaiti nazo hupiga picha.

Picha husema nini?

Mlima unapokutana na bonde, utaona mstari mrefu ulionyooka. Huo ni ufa. Zamani sana ardhi ilipasuka. Upande mmoja ulipanda, wa pili ukashuka. Ndiyo maana Udzungwa imesimama kama ukuta.

Mito inapotoka mlimani, utaona umbo kama vidole vilivyotanuliwa. Hapo maji hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wa mawe na mchanga.

Bondeni, weupe mara nyingi ni mchanga mkavu. Weusi mara nyingi ni majimaji. Lakini angalia! Nyasi zilizoungua nazo huonekana nyeusi.

Utaona pia mistari iliyopinda kama mundu. Hizo ni njia za zamani za mto. Mto huhama. Mafuriko yakija, maji huweza kurudi katika njia ile ile.

Je, hayo yanakuhusu nini?

Yanakuhusu sana. Wakati wa kiangazi njia ya zamani ya mto huonekana kiwanja kizuri. Ni tambarare, na udongo wake ni rahisi kuchimba. Mtu hujenga nyumba na ghala. Masika maji huingia ndani, na chakula cha mwaka mzima huharibika.

Basi, kabla ya kujenga fanya hivi:

1. Waulize wazee mto ulipita wapi zamani.
2. Chimba shimo la kufika kiunoni. Ukikuta mchanga na kokoto za mviringo, jua kwamba maji yalipita hapo.
3. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, mwombeni mpimaji awaonyeshe picha ya kijiji chenu. Tafuteni njia za zamani za mto pamoja.

Picha peke yake haitoshi. Picha hukuonyesha pa kuchimba, na jembe hukuhakikishia. Penye maji panda mpunga. Nyumba jenga palipoinuka.