Trekta ndogo kwa shamba la mlima: mambo ya kupima kabla ya kununua

Kwa mkulima wa Kabare, Walungu, Masisi ao Lubero, trekta ndogo inaonekana kama mwisho wa kuumwa mgongo. Mashini moja inalima, inavuta remorki, inazungusha pompi ya maji na kupukuchua mahindi. Lakini mashamba mengi ya huko yako ku mlima, na mlima uko na masharti yake.

Hatari ya kwanza ni kupinduka. Trekta ikikatisha mlima kwa ubavu, uzito unaegemea magurudumu ya upande wa chini. Jiwe moja juu, ao shimo moja chini, linatosha kuiangusha juu ya dereva. Ndiyo maana dereva anashauriwa kupanda na kushuka moja kwa moja, na vitesi ndogo, bila kukata kona katikati ya mteremko.

Hapo kunatokea shida ya pili. Mistari iliyolimwa toka juu kwenda chini inakuwa njia ya maji. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mzuri unashuka bondeni. Ili kulinda udongo inapaswa kulima kwa kukatisha mlima, yaani njia ileile inayopindua trekta.

Kwa hiyo, pima kwanza. Chukua kamba ya mita 2. Mwenzako ashikilie mwisho mmoja kwenye udongo, upande wa juu. Wewe vuta upande wa chini mpaka kamba ilale sawa. Pima toka mkono wako mpaka chini: sentimita 40 ni mteremko wa asilimia 20. Ikifika hapo ao kupita, usikatishe mlima na trekta ya kukalia. Tengeneza kwanza matuta ya ngazi yanayoshikwa na majani kama setaria, kisha ulime juu yake na mashini ndogo ya kutembeza kwa mkono. Bila matuta, jembe ndilo linabaki.

Trekta yenyewe iwe na chuma cha kumkinga dereva pamoja na mukaba, na magurudumu yanayoweza kupanuliwa. Uliza pia piesi zinapatikana wapi na fundi ni nani.

Kama shamba lote ni mlima mkali, heri kununua kwa pamoja katika koperative: mashini ilime bondeni, ibebe mavuno, ipukuchue mahindi. Hata siku zisizo za kulima, itakuwa inalipa mazutu yake.