Ile Mashini ya Walikale Haikuwa ya Kuponda Mawe

Miezi tatu iliyopita, wandugu wa kooperative moja kule Walikale waliniita kama mutu wa sendika. "Papa, kuja uone mashini yetu." Waliitoa ndani ya majani, fasi ya kambi moja ya zamani ya wachimbaji, watu kumi na mbili wakaibeba na miti. Tayari walikuwa wamechanga pesa ya kununua motere ya mazutu ya kuizungusha.

Ya kufanya nini? Kila mutu alikuwa na jibu lake. Kijana moja alisema ni ya kuponda mawe ya kasiterite. Mwingine: ya kunyoosha mabati. PDG wa shimo akakata maneno: ni ya mbao, itatutengenezea miti ya boisage. Mwenye kununua vyuma vikuukuu yeye hakuuliza kitu, alikuwa anahesabu kilo tu.

Mimi si seremala. Nilipiga picha na telefone, nikamutumia muzee moja seremala wa Masisi. Akanipigia: "Usiniambie inafanana na nini. Niambie iko na meza ngapi, na katikati kuna nini."

Meza mbili ndefu za chuma, zinafuatana. Kila moja iko na gurudumu dogo la kuipandisha na kuishusha. Katikati kuna ufa, na ndani ya ufa shafti yenye visu. Pembeni kuna ubao wa chuma umesimama wima.

"Basi hiyo ni degoshisezi," akasema. "Ni randa iliyolala chali. Kwa randa ya mukono, randa inatembea juu ya mbao. Hapa mbao ndiyo inatembea juu ya randa."

Juu ya chuma kulikuwa herufi XERRE, na vijana walikuwa wanasoma "serre". Tulisugua na muchanga, ikatokea AUXERRE. Ni muji wa Ufaransa, kwenye kiwanda cha Guilliet kilikuwa kinatengeneza mashini za mbao tangu karne ya 19. Fasi ya kufunga motere haikuwako, ni pulie pana tu ya mukaba wa ngozi. Zamani atelye nzima ilikuwa na shafti moja ndefu, na kila mashini ilivuta nguvu kwake kwa mukaba.

Halafu muzee akaniuliza kama shafti inazungukia juu ya bilya. Hapana, ilikuwa imelazwa ndani ya chuma nyeupe, laini, unaikwangua na kisu. Hiyo ni regile. Mumarekani Isaac Babbitt ndiye aliitunga mwaka 1839, na ile ya kwanza ilikuwa karibu yote étain. Étain! Wandugu, ile tunayoitafuta ndani ya kasiterite, tunaibeba mugongoni. Vijana walicheka sana. Moja akataka kuiyeyusha kwa moto, nikakataza: kuna regile zingine zenye risasi nyingi, na moshi yake ni sumu kwa watoto.

Swali la mwisho ndilo lilinitia baridi. "Hiyo shafti ni ya mviringo ao iko na pembe ine?" Pembe ine. Muzee akanyamaza kidogo. Yeye mwenyewe iko na vidole saba. Shafti ya pembe ine inaacha nafasi kubwa kati ya kisu na meza. Mbao ikiruka, mukono unavutwa ndani. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilianza kuweka shafti ya mviringo, yenye nafasi ndogo. Na ukiifungia motere yenye mbio kuliko ile iliyotengenezewa, visu vinaweza kung'oka na kuruka.

Na kwa boisage haifai hata kidogo. Muti wa shimo haupigwi randa! Eukaliptusi ya Masisi unaitoa ganda, unakata kichwa ili muti wa juu ukalie vizuri, unakaza na kabari, basi. Ukiupiga randa umekata nyuzi zake, umepunguza nguvu, umelipa mazutu bure. Muti muzima unalia mbele ya kuvunjika, na kilio hicho kimetoa watu wengi shimoni.

PDG alikasirika, sababu pesa ilikuwa yake nusu. Tulibishana mpaka jioni. Mwishoni pesa ya motere ilinunua miti, na shafti tuliitoa, iko ndani ya kijumba cha kooperative, imefungwa na kufuli. Mwenye vyuma bado anapita kila siku ya soko kuuliza bei.